Rivolva kuukuu ya mlinzi: kwa nini watu bado wanaitaka, na kama uinunue

SWALI: Niko Fort Worth, Texas, na nina kadi ya kijani. Mzee mmoja Mmarekani ninayefanya naye kazi ghalani anastaafu, na anataka kuniuzia rivolva yake ya Smith & Wesson, kaliba .38, kwa dola 300. Aliivaa miaka mingi alipokuwa mlinzi wa benki. Rangi imetoka mdomoni mwa mtutu na kwenye silinda, mpini wa mbao umechubuka. Kwa bei hiyohiyo dukani kuna bastola mpya za plastiki zinazobeba risasi mara mbili na zaidi. Lakini kila ninayemuuliza kwenye uwanja wa shabaha ananiambia nichukue ya mzee, na hakuna anayenieleza sababu. Hivi watu wanapenda nini kwenye vyuma hivi vikuukuu? Na mimi ninunue?

JIBU: Ndugu yangu, hao wa uwanja wa shabaha hawakudanganyi. Wamekizoea kitu chenyewe mpaka hawaoni haja ya kukieleza. Wanachokipenda ni kwamba kwa dola 300 mzee wako anakuuzia kazi ya mkono wa fundi ambayo leo hakuna kiwanda kinachoweza kuitoa kwa bei hiyo. Tena kazi hiyo haikufanywa kwa ajili ya tajiri. Ilikuwa kazi ya kila siku, kwa ajili ya mtu wa mshahara.

Kwa maelezo yako, karibu nina hakika hiyo ni ile iliyoitwa Military & Police, ambayo tangu 1957 kiwanda kinaiita Model 10. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 1899 huko Springfield, Massachusetts, na zimetengenezwa zaidi ya milioni 6. Silaha ya kuringia haikuwa. Ilinunuliwa kwa makasha na idara za polisi, magereza, benki na kampuni za ulinzi. Makarani wa posta waliofanya kazi ndani ya mabehewa ya treni walijifunga .38 kiunoni huku wakipanga barua usiku kucha. Polisi wa New York alitakiwa ainunue kwa pesa yake mwenyewe, kwa hiyo bei ilipaswa iwe ile anayoimudu mtu mwenye watoto na kodi ya nyumba. Model 10 imepita mikononi mwa watu wa aina hiyo kuliko silaha nyingine yoyote ndogo ya Marekani ninayoijua.

Sasa iangalie ilivyotengenezwa, maana hapo ndipo penye utamu. Fremu ilifuliwa kwa chuma cha moto chini ya nyundo kubwa za kiwandani, ikachongwa kwenye mashine hatua kwa hatua, kisha ikafika mezani kwa fundi mwenye tupa. Ndani ya rivolva kuna kidole kidogo cha chuma kinachopanda kila unapovuta triga, kikaisukuma silinda, lile gurudumu lenye matundu ya risasi, izunguke tundu moja. Kuna na kikomeo kinachochomoza chini na kuingia kwenye kijishimo cha silinda, ili tundu lisimame sawasawa nyuma ya mtutu. Kidole kikiwa kifupi kidogo, silinda haifiki. Kikiwa kirefu, mashine inakwama. Fundi alikijaribu, akakitoa, akakipiga tupa kidogo, akakirudisha, mpaka silinda ikafika na kufungwa kabla nyundo haijaanguka. Alifanya hivyo kwa kila rivolva, na mara nyingi vipuri vya moja haviingii kwenye nyingine bila kusawazishwa upya.

Mzee akikuruhusu, tazama ubavu wake wa kulia. Kuna kifuniko cha chuma kinachofunika mashine yote ya ndani, kimeshikwa na skrubu. Jaribu kuona kilipoungana na fremu. Kwenye Smith ya miaka ya 50 au 60 mstari huo ni mwembamba mno. Wakati mwingine huuoni mpaka uielekeze rivolva kwenye mwanga wa pembeni. Kifuniko hicho kiliingizwa kikiwa kimebana, kikang'arishwa pamoja na fremu kama kipande kimoja, ndipo kikatiwa rangi. Ndiyo maana anayejua kazi hakibanduli kwa bisibisi. Anatoa skrubu, anaishika rivolva kwa mtutu, kisha anaigonga fremu ya mpini taratibu kwa mpini wa nyundo wa mbao mpaka kifuniko kiruke chenyewe. Ukiona kingo zake zina alama za kubanduliwa, ujue aliwahi kuishika mtu asiyejua, na ukague kwa uangalifu mara mbili.

Enzi hiyo, pale bonde la mto Connecticut, Springfield kwa Smith & Wesson na Hartford kwa mshindani wake Colt, mafundi wa namna hiyo walikuwa wengi na ujira wao uliingia kwenye bei bila kumuumiza mnunuzi. Leo saa moja ya fundi ni ghali kuliko saa moja ya mashine. Kwa hiyo bastola mpya ya dola 300 imesanifiwa ili isimhitaji fundi: fremu ya plastiki, vipande vinavyotoka kwenye mashine vikiwa tayari, vinaunganishwa na mtu wa zamu. Mimi siikashifu, inafanya kazi, na nyingine zinafanya kazi vizuri sana. Ila ukishika zote mbili mkononi, ukavuta triga ya hii na ya ile, tofauti utaihisi kabla hujaambiwa. Ni ile tofauti unayoiona kwa fundi cherehani wa barazani mwenye Singer nyeusi ya miguu iliyomzidi umri: ukimpa mpya ya plastiki, atakushukuru na ataendelea na Singer yake.

Swali linalofuata ni kwa nini kitu kizuri hivyo kinauzwa bei hiyo. Sababu ni polisi wenyewe. Katika miaka ya 80, hasa baada ya mapambano ya Miami ya mwaka 1986 ambapo maajenti wawili wa FBI waliuawa, idara nyingi ziliamua kwamba risasi 6 hazitoshi, zikahamia kwenye bastola za magazini. New York iliruhusu bastola hizo mwaka 1993. Rivolva za zamani zilirudishwa kwa wauzaji kama sehemu ya malipo ya silaha mpya, zikaingia sokoni makasha kwa makasha. Kampuni za ulinzi zikafuata. Kwa miaka mingi duka lingeweza kuwa nazo kwenye beseni, uchague mwenyewe, kwa chini ya dola 200. Lile wimbi limepungua sasa, na Model 10 nzima iliyotumika inakwenda kati ya dola 300 na 500, zaidi ikiwa safi. Kwa hiyo mzee hakuonei.

Na hapa ndipo penye siri ambayo wale wa uwanjani wanaiona kwa jicho moja tu. Rivolva ya kazi ilivaliwa sana na kufyatuliwa kidogo. Mlinzi wa benki aliivaa saa 8 kwa siku, miaka na miaka, kwenye ala ya ngozi. Kila akiitia na kuitoa, kila akikaa na kuinuka, ngozi iliilamba ile rangi ya bluu mdomoni mwa mtutu na kwenye kingo za silinda zilizochomoza. Mbao za mpini ziligonga meza, kiti, mlango wa gari. Lakini risasi alizopiga zilikuwa za mtihani wa shabaha wa kila mwaka, basi. Kwa hiyo unakuta kitu kilichochakaa nje, na ndani kingali na ujana wake. Michubuko uliyoitaja, mdomoni na kwenye silinda, ni ya ala ya ngozi. Kama ungeniambia rangi ni nzima lakini silinda inachezacheza, ningekuambia uache. Anayependa bastola za kabatini huitaka ile ya boksi, isiyo na mkwaruzo. Anayependa kupiga shabaha huitafuta hiyo ya mzee, kwa sababu mkwaruzo umeshusha bei na haukugusa kazi.

Kuna na jambo la moyo, nami naliheshimu. Mmarekani wa kawaida akiishika anamwona babu yake aliyekuwa askari wa zamu ya usiku, au mama mwenye duka aliyeweka .38 chini ya kaunta. Hakuna jenerali ndani yake. Watu wanaopenda historia ya wafanyakazi wanaipata humo, na mahali pengine haipatikani kirahisi, maana makumbusho huhifadhi panga za wakubwa.

Twende kwenye ukaguzi, na huu usiuache hata kidogo. Kwanza fungua silinda: kitufe cha upande wa kushoto kinasukumwa mbele kwenye Smith & Wesson, na kuvutwa nyuma kwenye Colt. Hakikisha matundu yote 6 ni matupu, uhakikishe tena. Ukiwa umeifungua, angalia kwenye fremu, pale mkono wa silinda unapofichwa ikifungwa. Kuanzia 1957 utakuta pamechongwa namba ya modeli, mfano MOD. 10-5. Tazama namba chini ya mpini pia. Zinazoanza na C ni za kuanzia 1948 hadi karibu na 1967, na D zinaanzia 1968. Baadhi ya wakusanyaji hawazipendi sana za miaka ya 70, baada ya kiwanda kununuliwa na kampuni ya Bangor Punta mwaka 1965, wakisema ung'arishaji ulishuka. Kwa macho ni kweli mara nyingine. Kwa kupiga shabaha mimi nimeziona njema.

Kisha ifunge, ielekeze mahali salama, uvute nyundo nyuma polepole kwa kidole gumba huku kidole cha mkono mwingine kikiigusa silinda kwa wepesi mno, kama unaichelewesha. Kikomeo lazima kiingie, utasikia mlio wake, kabla nyundo haijafika mwisho. Rudia kwa matundu yote 6, maana huenda 5 yakawa sawa na moja likachelewa. Nyundo ikiwa nyuma, isukume mbele kwa gumba bila kugusa triga. Ikianguka, hapo biashara imekwisha mpaka fundi aione. Halafu ivute triga mpaka mwisho, uishikilie, nyundo ikiwa chini, ujaribu kuitikisa silinda kulia na kushoto, mbele na nyuma. Kijitikisiko kidogo sana ni cha kawaida; mchezo unaousikia kwa sikio si wa kawaida. Nafasi kati ya silinda na mtutu inapimwa kwa vile vibamba vyembamba ambavyo mafundi wa magari hupimia tapeti: kati ya milimita 0.1 na 0.2 ni nzuri. Chungulia ndani ya mtutu kwa tochi. Ukiona pete nyeusi katikati, mtutu umevimba kwa risasi iliyowahi kukwama, na bei yote inabadilika. Mwisho, angalia kitako cha mtutu ndani ya fremu, mahali risasi inapoingilia, kama kuna ufa.

Kama namba yake inaanza na V, hiyo ni ya Vita vya Pili, Victory Model, yenye rangi ya kijivu isiyong'aa. Hapo nakuomba umakini wa aina mbili. Mwaka 1944 baharia mmoja wa Marekani aliuawa rivolva ya aina hiyo ilipoanguka na kufyatuka, na kiwanda kikaweka haraka kizuizi kipya cha nyundo. Zenye kizuizi hicho ziliongezewa herufi S karibu na V. Isiyo na S usiiweke risasi chini ya nyundo. Pili, nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya Waingereza na jeshi la himaya yao kwa risasi fupi, .38/200. Baada ya vita zikarudi Marekani, watu wakayarefusha matundu ili yapokee .38 Special, risasi ya kawaida ya Model 10. Risasi fupi ile ni nene kidogo, kwa hiyo .38 Special inakaa imelegea, na ganda la risasi linatoka limevimba au limepasuka ubavu. Kama mkusanyaji, sawa. Kama mpiga shabaha, tafuta nyingine.

Tahadhari nyingine ni kubwa zaidi, maana ukianza kuzipenda utavutwa na bei za chini kabisa. Si kila rivolva kuukuu ya bei nafuu ni Model 10. Maduka ya rehani yana za Iver Johnson wa Fitchburg na za Harrington & Richardson wa Worcester, zote Massachusetts, zinazofunguka kwa kukunjwa katikati. Hizo ndizo zilizokuwa za maskini hasa, ziliuzwa kwa dola chache kwenye katalogi na maduka ya vyuma. Iver Johnson alitengeneza na baiskeli pia. Alikuwa na fikra moja ya maana sana: kipande cha chuma kinachosimama kati ya nyundo na pini ya kupigia pale tu triga inapovutwa, na tangazo lake liliwaalika wanunuzi waipige nyundo ya rivolva kwa nyundo ya kawaida. Kampuni ya Ruger ilitumia wazo la aina hiyohiyo miaka ya 70, na leo liko kila mahali. Nazipenda hizi za kukunja kwa historia yake, nzuri na mbaya, maana Iver Johnson ndiyo iliyomuua Rais McKinley wa Marekani mwaka 1901. Lakini nyingi zilitengenezwa kwa baruti nyeusi ya zamani, na risasi za leo zina nguvu ambayo chuma chake hakikukusudiwa. Ikae kabatini. Kama unataka ya bei ndogo ya kufyatua, H&R Model 922 ya kaliba .22, yenye matundu 9, inakufaa zaidi. Na kama utaikosa hii ya mzee, tafuta Ruger Security-Six au Service-Six, za 1972 hadi 1988. Hazina wembamba wa Smith, lakini hazina kifuniko cha ubavuni na fremu yake ni ngumu ajabu.

Upande mwingine wa mizani nao useme. Risasi 6 ni 6. Risasi za .38 Special leo ni ghali kuliko za milimita 9, kwa hiyo ukipiga kila wiki, ile nafuu ya mwanzo itarudi kukudai. Triga ikivutwa moja kwa moja bila kuikoki, yaani bila kuvuta nyundo nyuma kwanza, inahitaji nguvu ya kilo 5 hivi, na wiki za mwanzo shabaha yako itakuvunja moyo. Usikimbilie kuikoki kila mara. Jifunze ule mvuto mrefu, kwa sababu mtu anayeuweza anaweza kupiga silaha yoyote. Tumia risasi ya kawaida yenye kichwa cha madini ya risasi (lead) cha grami 10. Zile zilizoandikwa +P, zenye msukumo wa ziada, usiziweke kwenye Smith ya fremu hii iliyotengenezwa kabla ya 1958. Kiwanda chenyewe kimekataza.

Kwa upande wa sheria nakuandikia kama ndugu, maana wenzetu wameponzwa na vitu vidogo. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumiliki, akiwa hana makosa yanayomzuia. Mwenye viza ya masomo au ya kutembea kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa vighairi vichache, kwa hiyo usimkabidhi binamu mwanafunzi hata mkiwa uwanjani bila kuuliza wakili. Mwombe mzee mwende wote kwenye duka lenye leseni, mauzo yapite pale. Utalipa ada kidogo, utajaza fomu ya 4473, ile ya serikali ya kununulia silaha, utakaguliwa, na utabaki na ushahidi. Kwenye swali la uraia andika ukweli wa nchi yako. Kudai uraia wa Marekani usio nao, hata kwa haraka ya kalamu, kunaweza kukufukuzisha nchini. Kosa la silaha nalo ni hivyo hivyo. Na usiwahi kuitia kwenye kontena la mizigo ya nyumbani, iwe Mombasa au Dar es Salaam, hata kama imefunguliwa vipande: utakuwa umevunja sheria ya huku na ya kule.

Kama kuna watoto nyumbani, au mtu anayepita kipindi kizito cha huzuni, nunua kasha la kufuli kabla ya kununua rivolva, na risasi zikae kwingine. Hilo silijadili.

Sasa bei. Ikipita ukaguzi wote na silinda ikafunga sawasawa matundu yote 6, mpe mzee dola 300 zake na usimbane, ameuza kwa haki. Muulize kama bado ana ile ala ya ngozi na mbao za awali ikiwa zilizopo si zenyewe, na umwombe akuandikie kwenye karatasi alikuwa mlinzi benki gani na miaka ipi. Ikichelewa tundu moja tu, fundi anaweza kuirekebisha, hivyo ondoa gharama yake kwenye bei na umwambie mzee wazi sababu. Nyundo ikisukumika ikaanguka, au mtutu ukiwa na pete au ufa, mshukuru, umrudishie, na Jumamosi nenda maonyesho ya silaha na tochi yako na vibamba vyako.